Kunusa Mara Mbili

Katika mtaa wote wa Shauri Moyo hakukuwa na mwanamke aliyejua kutandika kitanda kama Nthoki, mke wa Maingi mchonga vinyago, na ukitaka kubisha, kabishane na wengine. Shuka akiilaza, imelala. Kona akizikunja, mgeni hata agaegae usiku kucha, asubuhi utazikuta pale pale. Kazi hiyo aliifanya katika Hoteli Kijito, jumba la ghorofa sita upande wa stesheni ya reli. Aliingia kwa kufua matambara, akapanda, akapewa vyumba, na kufikia mwaka wa sabini na nane, baada ya miaka kumi na mmoja, alikuwa amebakiwa na tamaa moja tu hapa duniani. Alitaka zile funguo.

Supavaiza wa vyumba alikuwa anavaa mshipi wenye pete ya chuma, na kwenye pete hiyo kuna ufunguo mmoja unaofungua vyumba vyote, mwingine wa stoo ya shuka na mwingine wa kabati la dawa za kusafishia. Akija unamsikia kabla hujamwona, na ukimsikia unainuka ulipokaa. Supavaiza wa wakati huo alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na hoteli nzima ilijua anayefuata ni nani. Nthoki mwenyewe alishapima kiuno chake kwa kamba ya gunia, mlango umefungwa, Maingi asije akamcheka.

Kisha akatokea Jecinta.

Na alitokea wapi? Hapo ndipo panapouma. Jecinta alikuwa jirani, mlango wa tatu kutoka kwa Nthoki, msichana wa Murang'a mwenye mtoto mmoja na hana kazi. Nthoki ndiye aliyemhurumia. Nthoki ndiye aliyempeleka kwa Madam Gichuru, mkuu wa usafi, akasema, "Huyu ni kama mdogo wangu." Wiki ya kwanza Jecinta alivaa sare ya kuazimwa, na sare hiyo ilikuwa ya nani? Ya Nthoki, imepunguzwa kiuno. Ilipunguzwa vidole vinne, na hilo nalo Nthoki hakulisahau.

Akamfundisha kazi yote bila kumficha kitu. Fungua dirisha kwanza, chumba kipumue. Anza juu, shuka chini, maana vumbi halipandi. Anza pasafi, maliza pachafu. Kitambaa cheupe ni cha glasi, cha buluu ni cha sinki na beseni, chekundu ni cha choo, na chekundu kikigusa glasi, heri ufungashe virago uende kwenu kabla Madam hajafika. Glasi ya mgeni haikaushwi kwa taulo la mgeni, hata kama limetoka kufuliwa. Mwisho, akamfundisha nyuzi.

Nyuzi zilikuwa akili ya Nthoki mwenyewe. Dawa za kusafishia zilikuja kwa madebe makubwa, na wafanyakazi walizigawa katika chupa tupu za bia kutoka baa. Chupa za bia ni za kahawia, huoni kilichomo. Karatasi ya jina ikibandikwa, maji yanaibandua siku ya pili, na nusu ya wanawake wale hawakujua kusoma. Mwaka mmoja Ndindi, mfanyakazi mwenzao na mwanakwaya kanisani, alimimina asidi ya choo, akamimina jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, juu yake akidhani ni sabuni. Mabafu yale hayana dirisha. Ukipiga asidi na jiki pamoja hutoka moshi unaokaba koo, na Ndindi alitolewa mle akiburutwa. Hakufa, lakini sauti yake ya kuimba haikurudi. Jumapili iliyofuata Nthoki alitwaa katani ile anayosukia vyondo, akaitia rangi, akafunga shingo za chupa zake: uzi mwekundu ni asidi, mweupe ni jiki, wa buluu ni sabuni. Na hata hivyo alimwambia Jecinta, "Uzi unaweza kudanganya. Pua kwanza. Usitie pua ndani ya chupa kama mlevi. Pungia harufu kwa kiganja, inuse, ndipo umimine."

"Ndiyo, Mama Muindi," akasema Jecinta. Muindi ni kifungua mimba wa Nthoki.

Mwaka haukuisha, mambo yakageuka. Jecinta alikuwa amefika kidato cha pili, na Kiingereza kilimtoka kama maji ya mfereji. Mgeni akipotelewa na soksi, anamtafuta Jecinta. Mgeni akitaka mto wa pili, ni Jecinta. Nthoki akiingia na taulo, mgeni anachungulia nyuma yake, eti, yule mwingine yuko wapi? Ala! Yule mwingine alikuwa kwenye ngazi anachekeshwa na wapishi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Jioni moja Nthoki anachagua maharagwe, Maingi anapiga msasa shingo ya twiga wa kuchonga, mara akasema bila kuulizwa:

"Jana nilimpelekea Jecinta kile kigoda chake. Nyumba ya yule msichana, haki ya Mungu, kila kitu mahali pake. Inanukia."

"Na ni nani aliyemfundisha kila kitu mahali pake?"

"Mimi nimesema tu inanukia."

"Basi kaoe pua yake!"

Maingi akamtazama, akarudi kwa twiga wake. Nthoki alijua amesema upuuzi, lakini wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na yeye sketi zake zilikuwa zimeanza kumlegea.

Kilichommaliza ni mkutano wa Jumatatu. Madam Gichuru alisimama mbele yao wote katika chumba cha kufulia, mkononi chupa ya bia yenye uzi wa buluu.

"Hii nimeikuta kwenye toroli la Jecinta," akasema. "Nimemuuliza, amenieleza vizuri sana, kwa Kiingereza safi. Hii ndiyo akili ninayoitaka katika hoteli hii! Kuanzia leo sakafu zote zitafuata nyuzi za Jecinta."

Nyuzi za Jecinta! Nthoki alihisi masikio yanawaka. Akamtazama Jecinta, akingoja afungue huo mdomo wake wa Kiingereza aseme neno moja tu, la Kiswahili, la Kikuyu, lolote. Jecinta alitazama viatu vyake. Wenzake wakapiga makofi. Na Nthoki angesema nini? "Ni zangu," kama mtoto anayelilia mandazi? Akapiga makofi naye. Mkutano ukafungwa kwa Madam kutangaza kwamba ameandika majina mawili ya kurithi zile funguo, Nthoki wa sakafu ya pili na Jecinta wa sakafu ya nne. Ijumaa asubuhi atakagua sakafu hizo mbili, na jioni atamvisha mmoja mshipi.

Siku nne Nthoki hakula akashiba. Kila akifumba macho anasikia funguo zinalia kwenye kiuno kingine, kiuno chembamba, kile cha sare yake iliyopunguzwa. Fadhila ya punda mateke, alijiambia. Nimemtoa mfereji wa mtaani, nimemfikisha mjini, leo yeye ndiye atakayenifungulia stoo ya shuka, niseme, "Asante, Jecinta." Hapana. Heri niuze ndizi soko la Burma.

Alhamisi alasiri, watu wakibadili nguo, alipanda sakafu ya nne na pakiti ya sabuni kwapani ili akiulizwa awe na la kusema. Toroli la Jecinta lilisimama kwenye pembe, limepangwa vizuri hata kuliko lake. Hilo nalo lilimchoma. Akafungua uzi mweupe wa jiki, akafungua wa buluu wa sabuni, akabadilisha, ule hapa, huu pale. Akakaza mafundo. Haikuchukua muda wa kusema Baba Yetu.

Alichotaka ni kitu kimoja. Kesho asubuhi Jecinta achukue chupa ya uzi wa buluu, asugue kwa hiyo "sabuni" doa kwenye zulia la kahawia la sakafu ya nne, na zulia lichujuke pawe peupe mbele ya macho ya Madam. Basi. Zulia tu. Hakuna anayekufa kwa zulia.

Usiku huo alilala vizuri, mara ya kwanza wiki hiyo. Na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye kuliko mengine yote.

Ijumaa saa tatu asubuhi Nthoki alikuwa kwenye bafu la chumba mia mbili na saba, amepiga magoti. Alimimina asidi chooni, akahesabu mpaka mia kama kawaida, akasugua, akanyoosha mkono kuchukua chupa ya buluu amalizie kwa sabuni, kama alivyozoea, na kama alivyomfundisha Jecinta. Mkono ukaganda.

Uzi wa buluu. Asidi, kisha uzi wa buluu. Katika bafu lisilo na dirisha, mlango umerudishwa.

"Ngai, Mungu wangu!" akasema, na sauti ikarudi kutoka kwenye vigae.

Ndani ya wivu wake wote alikuwa amefikiria zulia, asifikirie choo. Mwanamke aliyebuni nyuzi kwa ajili ya koo la Ndindi, ndiye aliyesahau! Alitoka mle na glavu mikononi. Lifti ilikuwa ya wageni, akashika ngazi za wafanyakazi, na kila ngazi alimsikia Ndindi anakohoa. Alimfikiria yule mtoto wa Jecinta, ambaye wakati huo alikuwa anacheza bao la mchanga na Muindi uani nyumbani. Alipofika sakafu ya nne, toroli lilikuwa mbele ya chumba mia nne na kumi na mbili, na mlango wa bafu umefungwa.

"Jecinta! Usimimine! Jecinta!"

Akausukuma mlango kwa bega.

Jecinta alikuwa amesimama kando ya choo, mzima, mkavu, kitambaa chekundu mkononi. Bafu lilinuka asidi tu. Chupa ya uzi wa buluu ilikuwa kwenye ukingo wa beseni, imefunguliwa, haijamiminwa. Kizibo chake kilikuwa kimelala ubavuni, kimepangwa kando. Walitazamana. Nthoki alikuwa anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, na Jecinta alimtazama usoni, akatazama chupa, akamtazama tena usoni.

Viatu vya Madam Gichuru vikasikika kwenye korido.

"Nthoki? Sakafu yako ni ya pili. Unafanya nini huku saa ya ukaguzi, umevaa glavu za choo kwenye zulia langu?"

Kuacha sakafu yako lilikuwa kosa la kukurudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Jecinta ndiye aliyesema.

"Alikuwa ananipima, Madam. Jana alibadilisha nyuzi zangu, jiki kwa sabuni, aone kama nanusa kabla ya kumimina. Amekuja kuangalia kama nimefaulu." Akainua chupa. "Nimefaulu, Mama Muindi. Nimenusa."

Madam alichukua ile chupa, akaisogeza puani, akarudisha kichwa nyuma.

"Mnanusa?"

"Ndivyo alivyotufundisha. Pua kwanza, uzi baadaye. Na nyuzi, Madam, ni zake tangu zamani. Jumatatu sikusema. Nilipaswa kusema."

Madam Gichuru hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Nthoki kwa macho ambayo Nthoki aliyangojea miaka kumi na mmoja, na yalipomfikia alitamani yapite.

"Kumbe wewe hufundishi tu," akasema Madam. "Unafuatilia."

Jioni ile katika chumba cha kufulia Madam alimvisha mshipi. Ulimtosha kabisa. Wenzake wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Jecinta. Funguo zililia kiunoni, na Nthoki akasema asante, asante, mpaka akaonekana ni mnyenyekevu. Kisha akazikabidhi kwa mlinzi, akatia sahihi, kama sheria inavyotaka, akatoka.

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, kama kila siku, kwa barabara ya Landhies, katikati ya watu wanaotoka kazini na mikokoteni ya soko la Gikomba. Wakafika kwa wafua masanduku ya bati. Nthoki ndiye aliyeanza kusema.

"Jecinta, ile siyo... Mimi sikuwa na nia ya..."

"Mama Muindi, wewe unafunga fundo kwa mkono wa kushoto. Linapinda upande mwingine. Niliposhika chupa tu nilijua ni mkono wa nani." Nyundo za bati zililia, akangoja zipungue. "Kwanza nikasema, labda ni mtihani kweli. Halafu ukasukuma ule mlango. Mwalimu wa mtihani haji na uso kama ule."

"Nilitaka uharibu zulia. Zulia tu, naapa. Choo sikukifikiria."

"Naamini. Ndiyo maana ulikimbia."

"Kwa nini basi hukusema kwa Madam?"

Jecinta alihamisha mkoba wake bega la pili.

"Kwa sababu Jumatatu nilinyamaza, nikala sifa zako mbele yako. Nilikuona unapiga makofi. Siku nne sijalala vizuri, huku najua zile nyuzi ni zako. Basi leo nimesema. Jumatatu nilikunyang'anya, leo nimekurudishia. Tumetoshana." Akatembea hatua kadhaa, kisha akasimama. "Lakini ukweli nikuambie. Chupa ambayo imepita mikononi mwako, kuanzia leo nitainusa mara mbili."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika Nthoki angejua la kufanya, maana ugomvi wa mfereji alikuwa anauweza. Alibaki amesimama mbele ya masanduku ya bati. Na je, unadhani alichokihisi pale kilikuwa shukrani? Wacha! Kilikuwa wivu ule ule, mbichi, mkali kuliko wa Kiingereza na wa kiuno. Hata kwa wema msichana huyu amenishinda, alijiambia. Hata kwa wema!

Jumatatu Nthoki alifungua kabati la dawa kwa ufunguo wake mwenyewe. Alizijaza chupa, akazifunga nyuzi, akazigawa sakafu kwa sakafu. Akasimama sakafu ya nne. Jecinta alipokea chupa zake, akafungua ya kwanza, akapunga kwa kiganja, akanusa. Akapunga tena, akanusa tena. Akafunga.

"Habari ya asubuhi, Mama Muindi," akasema, kwa heshima zote.

Alifanya hivyo Jumanne. Alifanya hivyo mwaka uliofuata. Hakumwambia mtu, si mzaha, si fumbo, hata siku walipokorofishana kwa zamu ya Krismasi. Mtoto wake alikula kwa Nthoki, Muindi akala kwake. Lakini kazini alinusa mara mbili. Wasichana wapya walimwona, na kwa kuwa Jecinta alikuwa anasifika kwa usafi, wakamwiga. Ikawa ndiyo desturi ya Hoteli Kijito. Sakafu zote, asubuhi, utawaona wamesimama na chupa zao, viganja vinapunga mara moja, viganja vinapunga mara ya pili, na Nthoki katikati yao na funguo zake. Aliona hayo miaka tisa. Alikuwa supavaiza mzuri, wote watakuambia. Hakuna aliyeumia koo katika zamu zake.

Mwaka wa themanini na saba, wiki yake ya mwisho kazini, aliletewa msichana mpya wa kufundishwa, Nasike, mwepesi wa mikono na mwepesi wa maswali. Jecinta, ambaye Jumatatu inayofuata angevishwa ule mshipi, alikuwa kando anakunja foronya.

"Sasa mama," akasema Nasike, chupa mkononi, "kunusa naelewa. Lakini kwa nini mara mbili? Harufu si ni ile ile?"

Foronya zikaacha kukunjwa.

Nthoki angeweza kumjibu kama alivyowajibu wengine wote, kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Alishika pete ya funguo isilie.

"Ya kwanza ni kwa sababu ya dawa," akasema. "Ya pili ni kwa sababu yangu mimi."

Nasike akacheka, akidhani mama mzee anatania. Jecinta hakucheka. Alikuja polepole, akachukua ile chupa mkononi mwa msichana, akaigeuza akalitazama lile fundo la mkono wa kushoto. Akafungua kizibo, akapunga kwa kiganja, akanusa, mara moja tu.

Kisha akakirudisha kizibo, akampa Nasike chupa, akarudi kwenye foronya zake.